Sasisho Lijiingize Lenyewe, au Lingoje Ruhusa?

AFISA USALAMA WA MTANDAO: Nautaja msimamo wangu mapema ili tusizungushane. Kompyuta yoyote iliyounganishwa na intaneti ipokee masasisho yake yenyewe, siku ileile yanapotolewa, bila kungoja mtu aamke, asome barua pepe, aitishe kikao. Microsoft hutoa masasisho yake Jumanne ya pili ya kila mwezi, utaratibu ulioanza mwaka 2003. Kwa saa zetu huwa usiku umeshaingia. Usiku huohuo wapo watu wanaochukua faili la zamani na faili jipya, wakayalinganisha mstari kwa mstari kuona nini kimerekebishwa. Paliporekebishwa ndipo palipokuwa na tundu. Yaani sasisho lenyewe ndilo linalowaonyesha njia, na tangu saa hiyo asiyesasisha yuko hatarini kuliko alivyokuwa jana yake.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Nami wangu huu hapa: hakiingii kitu kwenye seva ninazozisimamia kabla sijakiona kikifanya kazi kwenye mashine ya majaribio. Dada, tuchukue Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Saa moja na dakika 9 asubuhi, saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani, inayouza programu ya kulinda kompyuta, ilituma faili dogo kwa wateja wake dunia nzima. Halikuwa hata toleo jipya la programu. Lilikuwa faili la maelekezo ya kutambua mbinu mpya za wavamizi. Programu iliandaliwa kupokea thamani 20, maelekezo yakaitaka isome ya 21. Na kwa kuwa programu hiyo hukaa ndani kabisa, kwenye kiini cha Windows, ilipokosea haikuanguka peke yake, iliangusha kompyuta nzima. Saa mbili na dakika 27 kampuni ilikuwa imeshaliondoa faili lile. Dakika 78 tu! Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Ndege zikakaa chini, na shirika la Delta peke yake likafuta safari zipatazo 7,000 ndani ya siku chache.

Kisha ikaja kazi ya kuziinua. Kompyuta inayoanguka kila ikiwaka huwezi kuitibu kwa mbali. Watu kama mimi walizunguka meza kwa meza, ghorofa kwa ghorofa: washa katika hali salama, tafuta faili, lifute, washa upya, nenda inayofuata. Zile ambazo diski zake zimefungwa kwa usimbaji zilidai kwanza namba ya tarakimu 48. Faili moja, lililoingia bila kubisha hodi.

AFISA USALAMA: Siikani siku hiyo, kaka. Ila nami nina yangu. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu katika sehemu ya Windows inayoziwezesha kompyuta kushirikiana mafaili. Mwezi mmoja baadaye, kundi lililojiita Shadow Brokers likamwaga hadharani silaha iliyotengenezwa na NSA, shirika la ujasusi la Marekani, kwa kutumia tundu hilohilo. Tarehe 12 Mei programu haribifu iitwayo WannaCry ikaibeba silaha ile na kuanza kufunga mafaili ya watu na kudai kikombozi. Hesabu mwenyewe: siku 59 tangu sasisho litoke. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Uingereza, thuluthi moja ya taasisi zinazoendesha hospitali za umma ilivurugika, miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufika 19,000 ikafutwa, na katika maeneo matano wagonjwa wa dharura wakalazimika kusafirishwa mbali zaidi. Watu husimulia kwamba lilikuwa tatizo la Windows za kale. Si kweli. Nyingi zilizoambukizwa zilikuwa Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inapewa masasisho. Sasisho lilikuwepo, watu walikuwa wanalijaribu.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Miezi miwili si majaribio, ni uzembe. Mimi nasema siku tatu kwa kompyuta za mezani, wiki moja kwa seva.

AFISA USALAMA: Nimekagua ofisi nyingi, na siku tatu za kwenye karatasi huwa mwezi. Mkubwa amesafiri, mashine ya majaribio imeazimwa idara nyingine, fundi ana harusi. Equifax ya Marekani, kampuni inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, haikukosa kanuni. Tundu la programu ya Apache Struts lilitangazwa tarehe 7 Machi 2017, na ndani ya kampuni ikatoka amri lizibwe kwa saa 48. Wavamizi waliingia Mei, kwa tundu lilelile. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa. Amri ya saa 48 ilikuwepo, kaka. Kilichokosekana ni mtu wa kuitimiza, na ndiyo sababu nasema kazi hii tusimwachie mtu.

MHASIBU WA HOSPITALI: Wanangu, nimewasikiliza. Mmoja anazungumza habari za wavamizi, mwingine habari za seva zake. Mimi nakaa dirisha la malipo. Mgonjwa hapati dawa wala kipimo mpaka nimemwingiza kwenye mfumo na kadi yake ya bima imekubali. Siku moja, mwisho wa mwezi, foleni imefika mlangoni, skrini ikaandika kwamba inasasisha na nisizime. Asilimia 10. Asilimia 10. Asilimia 11. Mbele yangu kuna mama ameshika mtoto mwenye homa, ananiuliza, je, pesa yake haitoshi? Nimweleze nini? Nimwambie kuna watu Ulaya na Marekani wanalinganisha mafaili usiku? Hapakuwa na mtu aliyeniuliza kama saa ile inafaa. Hapakuwa hata na mtu aliyeniambia.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Ndicho ninachokipigania, mama. Ruhusa.

AFISA USALAMA: Hapana, tusichanganye. Mama anadai saa, wewe unadai siku. Saa nampa: sasisho liingie usiku, dirisha likiwa limefungwa, na aliyeko zamu ajulishwe mapema. Siku sitoi.

MHASIBU: Hospitali haifungwi usiku, mwanangu. Ajali za barabarani huja usiku.

AFISA USALAMA: Basi ziwepo kompyuta mbili dirishani, moja isasishwe nyingine ikifanya kazi.

MHASIBU: Mbili? Hiyo moja tuliipata baada ya kuandika barua mwaka mzima.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Na kuna jambo linaloniuma zaidi kuhusu ile Ijumaa. Wateja wa CrowdStrike walikuwa na nafasi ya kuchagua kubaki toleo moja au mawili nyuma ya lililo jipya. Wasimamizi makini walichagua hivyo, wakaamini wameshajikinga. Lakini uchaguzi ule uliihusu programu yenyewe, mafaili ya maelekezo hayakuuzingatia. Yalikwenda kwa wote, kwa mpigo. Mtu alisema "ningoje", mfumo ukamjibu "sawa", kisha ukaingia. Ndiyo maana nikisikia "lijiingize lenyewe" sisikii usalama. Nasikia kwamba kuna mtu mwingine, katika nchi nyingine, ambaye neno lake lina nguvu kuliko langu juu ya mashine ninayolipwa kuilinda.

AFISA USALAMA: Na kampuni ile ilibadilika. Sasa mafaili hayo hutolewa kwa awamu, na mteja ana uwezo wa kuchagua yamfikie lini.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Ilibadilika baada ya kuangusha milioni 8.5.

MHASIBU: Ngoja, nimekusikia ukisema saa moja na dakika 9 asubuhi. Kwa waliolituma ilikuwa saa ngapi?

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Makao yao yako Austin, Texas. Kule ilikuwa bado Alhamisi, saa tano na dakika 9 usiku.

MHASIBU: Kwa hiyo kwao watu wengi walikuwa wamelala, na sisi tulikuwa tunafungua ofisi.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Sisi, na Ghuba, na India. Australia ilikuwa mchana.

MHASIBU: Basi hilo lizungumzwe. Saa tulivu ya mmoja ni saa ya kazi ya mwingine. Anayechagua saa huchagua pia nani aumie likiharibika, hata kama hakukusudia.

AFISA USALAMA: Hilo ni kweli, mama, na sina cha kulipinga. Lakini wavamizi nao huchagua saa. Hupenda Ijumaa jioni na siku za sikukuu, wakijua mafundi wako nyumbani.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Tuhamie kwenye kisa kikubwa zaidi, maana dada anazungumza kama kwamba hatari siku zote hutoka nje na sasisho siku zote ni mlinzi. Tarehe 27 Juni 2017, wiki chache tu baada ya hiyo WannaCry yake, makampuni yaliyofanya kazi Ukraine yalipokea sasisho la programu ya uhasibu iitwayo M.E.Doc, inayotumika kule kupeleka hesabu za kodi.

MHASIBU: Programu ya kodi?

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Ya kodi, mama. Wadukuzi walikuwa wameshaingia kwenye seva za mtengenezaji, wakatumia mlango wa masasisho kupeleka programu haribifu iitwayo NotPetya. Ilijifanya inadai kikombozi, lakini hata ukilipa hupati kitu, maana ilitengenezwa kuharibu. Kutoka kompyuta chache za Ukraine ikaingia kwenye mtandao wa Maersk, kampuni ya meli ya Denmark, ikaenea dunia nzima. Mwenyekiti wa kampuni hiyo alisema baadaye kwamba walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na kazi hiyo waliifanya kwa siku kumi. Hasara ilifika kati ya dola milioni 250 na 300.

Maersk ilikuwa na seva zipatazo 150 zinazotunza majina na nywila za watumishi wote na ruhusa ya kila mmoja. Zilikuwa zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe, kila moja ikijisahihisha kwa nyingine, na kwa sababu hiyo watu waliamini haziwezi kupotea zote. Zikafutwa zote kwa pamoja, ila moja, iliyokuwa Ghana. Mwandishi Andy Greenberg ndiye aliyekisimulia kisa hiki kwa undani: kabla ya shambulio umeme ulikuwa umekatika kule, seva ile ikawa nje ya mtandao, NotPetya ikapita bila kuiona. Waliokuwa Uingereza wakijenga mfumo upya waliihitaji data ile kuliko kitu chochote. Kuituma kwa intaneti kutoka Ghana kungechukua siku nyingi, kasi haikutosha. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi mmoja wao abebe diski, apande ndege hadi Nigeria, aikabidhi uwanja wa ndege kwa mwenzake, naye aruke nayo hadi London. Kampuni inayobeba sehemu kubwa ya makontena ya dunia iliokolewa na mashine iliyokuwa imezimika. Kila kilichokwenda na wakati kilifutwa.

AFISA USALAMA: Kisa kizuri, na umekisimulia vizuri, lakini umekipa funzo lisilo lake. Kukatika umeme si mpango wa kazi, ni bahati. Kilichowaokoa ni kuwa na nakala moja isiyogusika kupitia mtandao. Hiyo ni bakapu, kaka, na bakapu ya nje ya mtandao naitaka kuliko wewe. Haina uhusiano na kuchelewesha masasisho. Tena hukusema NotPetya ilieneaje ikishaingia. Mojawapo ya njia zake ni tundu lilelile la Machi, lililokuwa limeshazibwa miezi mitatu kabla. Mlango wa mbele ulikuwa sasisho lenye sumu, sawa. Milango ya vyumba vya ndani iliachwa wazi na watu waliokuwa wanangoja.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Nawe hukumaliza. Ilikuwa pia inakusanya nywila kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuingia nazo kwenye kompyuta nyingine, hata zile zilizosasishwa.

AFISA USALAMA: Nakubali. Zilizosasishwa nazo ziliangushwa.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Basi.

AFISA USALAMA: Basi nini? Hujathibitisha kwamba zisizosasishwa zilikuwa na nafuu.

MHASIBU: Mimi hapo kwenye programu ya kodi ndipo nimebaki. Programu tunayotumia ya hesabu huniletea masasisho. Kiboksi kinatokea, nabonyeza "kubali" ili kiondoke nifanye kazi. Nitajuaje kama kimetoka kwa mwenyewe?

AFISA USALAMA: Kuna sahihi ya kidijitali, mama. Kompyuta huihakiki kabla ya kupokea.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Mwambie na habari za SolarWinds.

AFISA USALAMA: Nitamwambia, sifichi. Mwaka 2020 masasisho ya programu ya Orion ya kampuni hiyo yalipandikizwa mlango wa siri yakiwa bado kiwandani, kabla ya kutiwa sahihi. Yakatiwa sahihi halali na kutumwa. Wateja karibu 18,000 wakayapokea, zikiwemo wizara za Marekani, na ilichukua miezi hadi kampuni ya FireEye ilipogundua Desemba. Sahihi ilithibitisha tu kwamba mzigo umetoka kwa mwenyewe. Haikuthibitisha kwamba mwenyewe yuko salama.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Na ungesubiri wiki moja?

AFISA USALAMA: Ungesubiri wiki moja ungeambukizwa wiki moja baadaye, kwa sababu mlango ule ulikaa miezi mizima bila kugunduliwa. Siku zako tatu zisingeona chochote. Mashine yako ya majaribio ingesema kila kitu kiko sawa, ungeweka sahihi yako, ungewaruhusu wao waingie kwa mkono wako.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Yapo mambo ambayo kungoja kuliyaokoa. Machi 2024, programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, iliyomo karibu kila mahali penye mfumo wa Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan aliichangia kwa zaidi ya miaka miwili, akajenga imani hadi akapewa madaraka ya kutoa matoleo, kisha akaficha ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 njia ya kuingia kwenye seva za watu. Tarehe 29 mwezi huo mhandisi Andres Freund akatangaza kwamba ameigundua. Alikuwa anapima mambo mengine kabisa, akaona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa karibu nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde! Wengine tungeilaumu intaneti tukaendelea na kazi. Yeye akaifuata. Nami nasema hivi: Debian ile ya kawaida, aina mojawapo ya Linux inayopendwa na wasimamizi kwa sababu huwa nyuma makusudi, haikuwa na sumu ile. Iliwafikia waliokuwa kwenye matoleo ya majaribio tu.

AFISA USALAMA: Na Freund mwenyewe alikuwa anatumia toleo lipi?

MSIMAMIZI WA MIFUMO: La majaribio.

AFISA USALAMA: La mbele kabisa, Debian isiyokuwa imetulia. Aligundua kwa sababu alikuwa mbele. Angekuwa amengoja kama unavyongoja wewe, na wote wangengoja, sumu ile ingeingia taratibu hadi kwenye toleo lako la kawaida, na ungelipokea baada ya majaribio yako yote. Anayengoja anategemea mwingine atangulie. Ni haki yako kutegemea, ila usiiite busara ya peke yako. Kuna mtu ameonja kwa niaba yako.

MHASIBU: Lakini kuonja ni lazima, binti yangu. Hata mpishi wa pilau ya harusi huonja chungu kimoja kabla ya kupakua sinia mia. Lawama inakuja pale wanapopakua zote kwanza.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Ndiyo hasa hoja yangu, na nitaiongezea mfano wa ajabu kidogo, maana ni jambo ninalolipenda. Dunia haizunguki kwa kasi ileile siku zote, kwa hiyo tangu mwaka 1972 wataalamu wa saa huongeza sekunde moja mara kwa mara ili saa zetu zisiachane na mzunguko wake. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai 2012 iliongezwa moja. Kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Sekunde moja, dunia nzima, kwa wakati mmoja, na seva nyingi za Linux zikachanganyikiwa kwa pamoja. Tovuti ya Reddit ikaanguka, abiria wa shirika la ndege la Qantas wakaandikishwa kwa mkono. Google walikuwa wamefanya vingine: waliivunja sekunde ile vipande vidogo mno, wakavisambaza katika saa nyingi, hata hakuna mashine yao iliyokutana nayo nzima. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa dunia wa vipimo uliamua ifikapo 2035 utaratibu wa sekunde hizo uachwe. Watu wamekubali kuiacha saa ipishane kidogo na jua kuliko kuzibadilishia kompyuta zote kitu kwa mpigo. Mimi nikiomba siku tatu naambiwa nachelewesha!

AFISA USALAMA: Awamu nazikubali. Asubuhi mashine kumi, jioni mia, kesho zote. Ila awamu hizo ziendeshwe na nani? Google wana maelfu ya wahandisi. Hospitali ya mama ina wewe, na siku mbili kwa wiki uko kwenye tawi jingine. Nikisema "lijiingize lenyewe" sisemi kwa ajili ya Google. Nasema kwa ajili ya zahanati, shule na SACCOS ambazo hazina msimamizi kabisa. Huko hakuna mtu wa kutoa ruhusa, na ukisema lingoje ruhusa umesema lisiingie kamwe.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Hapo umenigusa pagumu. Zahanati isiyo na fundi, sawa, iachiwe ijisasishe.

AFISA USALAMA: Na zahanati kama hizo ndizo nyingi.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Ndizo nyingi, lakini sikiliza zinavyoishi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Tanzania na majirani ikawa ya kusuasua siku kadhaa. Sasa kompyuta 20 za ofisi moja, kila moja inavuta sasisho lilelile kutoka ng'ambo kwa laini ileile ya bando, na kadi ya bima ya mgonjwa inagombania njia na mafaili ya Windows. Msimamizi angevuta mara moja, akagawa kwa ndani. Kujiingiza kwenyewe kumebuniwa na watu wasiolipia intaneti kwa kupimiwa.

MHASIBU: Na hizo kompyuta zenyewe ni za mitumba. Tuliambiwa Windows 10 haisasishwi tena bure.

AFISA USALAMA: Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, mama.

MHASIBU: Sasa mnabishana lijiingize au lingoje, na langu haliji kabisa. Tukaambiwa tuhamie Windows 11, fundi akajaribu, mashine ikakataa, eti haina kitu fulani cha usalama ndani. Inafanya kazi vizuri, wala haijawahi kuniangusha.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Inadai chipu ya TPM 2.0, na kompyuta nyingi za kabla ya mwaka 2018 hivi hazina au prosesa zake hazikubaliwi.

AFISA USALAMA: Ipo nyongeza ya masasisho kwa malipo. Kwa ofisi ni dola 61 kwa kompyuta moja, mwaka wa kwanza, na bei hupanda kila mwaka.

MHASIBU: Na majumbani?

AFISA USALAMA: Walipewa mwaka mmoja kwa dola 30, au kwa kuhifadhi mipangilio ya kompyuta kwenye akaunti ya Microsoft. Ulaya walidai, wakapewa bure.

MHASIBU: Walidai nani huko?

AFISA USALAMA: Vyama vya kutetea watumiaji.

MHASIBU: Haya. Sasa niulize ninalotaka kuuliza tangu mwanzo. Likiharibika, nani anajibu? Siku ile mashine ilipogoma mwisho wa mwezi, mimi ndiye niliyeandika barua ya kujieleza. Si aliyelituma, si fundi. Mimi.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Ndivyo ilivyo kila mahali, mama. Bosi wa Equifax aliyekuwa amejiuzulu aliitwa mbele ya Bunge la Marekani Oktoba 2017, akaeleza kwamba kuna mtu mmoja wa idara ya teknolojia ambaye hakupeleka taarifa ya sasisho kwa waliohusika. Kampuni ya maelfu ya watu, rekodi milioni 147, na lawama ikatelemka hadi ikamkuta mtu mmoja. Ndiyo maana nataka ruhusa iwe yangu. Kama lawama ni yangu, na uamuzi uwe wangu. Siwezi kubeba mzigo wa faili ambalo sikuliona likipita.

AFISA USALAMA: Na mimi kwa sababu hiyohiyo nataka uamuzi usiwe wako. Delta iliishtaki CrowdStrike mahakamani, Oktoba 2024, ikidai hasara ya takriban dola milioni 500. Unaona? Likiharibika lililojiingiza lenyewe, yupo mwenye jina, mwenye ofisi, mwenye bima, anashtakiwa. Ukilizuia wewe, tukavamiwa, nimshtaki nani? Mshahara wako? Kujiingiza kwenyewe kunairudisha dhamana kwa aliyetengeneza, na kwako anabaki kuwa mdaiwa.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Delta ina mawakili. Zahanati yako isiyo na fundi itaishtaki kampuni ya Texas kwa mahakama ipi? Mikataba ile huandikwa kwamba ukiumia, unarudishiwa ada uliyolipa, na basi. Unaihamisha dhamana kutoka kwangu hadi mahali ambapo mama hafiki.

AFISA USALAMA: Basi tupiganie sheria afike, badala ya kumwacha na tundu wazi wiki nzima.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Sheria zikija nitabadili msimamo. Sijaziona.

MHASIBU: Jumanne ya pili ndiyo kesho. Maabara kuna kompyuta inayoendesha mashine ya kupima damu. Ni Windows 7. Aliyetuuzia mashine ameandika kwamba ikisasishwa, yeye hana dhamana na vipimo vitakavyotoka. Nyinyi wawili mnasemaje juu ya hiyo?

AFISA USALAMA: Windows 7 iliachwa Januari 2020. Itolewe kwenye mtandao leo.

MHASIBU: Ikitolewa, majibu ya mgonjwa yanafikaje kwa daktari?

AFISA USALAMA: Kwa karatasi.

MHASIBU: Watakuja na flashi. Nawajua, hawataandika.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Na flashi italeta virusi kuliko mtandao. Mimi ningeiacha kwenye mtandao, nikaifungia njia zote isipokuwa moja, ya kupeleka majibu kwenye seva moja tu.

AFISA USALAMA: Kwa mfumo usiosasishwa tangu 2020, njia moja inatosha. WannaCry ilihitaji ngapi?

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Nawe kesho ukiisasisha kwa nguvu, kipimo cha damu kikatoka kwa namba isiyo yake, daktari akaongeza mtu damu isiyohitajika?

AFISA USALAMA: Sijasema isasishwe. Nimesema itoke.

MSIMAMIZI WA MIFUMO: Kwa hiyo hata wewe kuna mashine unayosema isijisasishe.

AFISA USALAMA: Kuna mashine ninayosema haikupaswa kununuliwa kwa mkataba ule. Niitwe nikiwa bado sijachelewa, wakati wa zabuni.

MHASIBU: Zabuni ya mashine mpya inafunguliwa mwezi ujao, na kamati mimi nimo. Niandikieni kila mmoja sharti lake, nisome mbele yao yote mawili.